Dawa ya Deni Huanzia Wapi?

Katika maduka mengi ya mitaani kwetu kuna karatasi iliyobandikwa ukutani, nyuma ya muuzaji, yenye methali ambayo kila mtu anaijua: dawa ya deni ni kulipa. Sisi tumeisoma mara nyingi, tukiwa tumesimama mbele yake huku daftari la mwenye duka likiwa wazi kwenye ukurasa wenye jina letu. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haijibu swali lililotusumbua kwa miaka mingi. Mgonjwa anaijua dawa. Anajua inapopatikana, na anajua kwamba asipoinywa hali yake itakuwa mbaya zaidi. Kwa nini basi hainywi? Na siku anapoinywa, ni nini kilichompa nguvu ya kuinua kikombe?

Sisi tunaoandika haya ni mume na mke, washarika wa kawaida. Mmoja wetu ameajiriwa, na mwingine anafanya biashara ndogo ya nguo sokoni. Tumeombwa kuandika juu ya fedha na imani, wala si kwa sababu tumefaulu. Wengi wenu mnatufahamu, na baadhi yenu mlishatukopesha. Katika maelezo haya tutasema "mmoja wetu" bila kutaja ni yupi. Tulikubaliana hivyo siku tuliyoamua kwamba madeni yote ni yetu sote wawili, hata lile ambalo mmoja alilichukua usiku, mwenzake akiwa amelala.

Kabla hatujaendelea, tuseme jambo moja wazi. Wapo ndugu zetu ambao shida yao ni uhaba, si tabia. Mama anayekopa ili mtoto wake apate dawa hahitaji mahubiri juu ya matumizi mabaya. Anahitaji jirani mwema. Tukimfundisha mtu mwenye njaa namna ya kubana matumizi, tunamwongezea mzigo ambao sisi wenyewe hatuubebi. Hapa tunasema na wale wanaofanana nasi: wenye kipato, hata kama ni kidogo, ambao fedha huwaponyoka mikononi nao wanajua kwamba wenyewe ndio wanaoiachia.

Mshahara wetu uliingia tarehe 25. Kufikia tarehe 5 ulikuwa umekwisha, na hakuna kati yetu aliyeweza kueleza ulikokwenda. Ulikwenda kwenye michango ya harusi za watu tuliowajua kwa mbali, kwenye sare za kitenge, kwenye chipsi za jioni kwa sababu tumechoka kupika, kwenye bodaboda kwa safari ya kutembea dakika kumi, na kwenye simu mpya ilhali ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi. Ukimuuliza mmoja wetu, angekuambia mwenzake ndiye mtumiaji. Ukimuuliza mwenzake, ungesikia jibu lilelile.

Huduma za fedha kwa njia ya simu zilipoingia nchini mwaka 2008, zilitusaidia sana, na hatuzilaumu. Miaka michache baadaye mikopo ya simu ikafuata, na hapo ndipo udhaifu wetu ulipopata mlango. Mkopo wa simu hauna uso. Humwombi mtu, wala humweleze mtu shida yako. Unabonyeza namba chache, na fedha inaingia kabla hujapata muda wa kubadili mawazo. Baadaye fedha yoyote ikiingia, deni linakatwa kwanza. Kwa hiyo mapato mapya yanafika yakiwa yameshaliwa, nawe unakopa tena ili ufike mwisho wa mwezi.

Mmoja wetu akaenda mbali zaidi, kwenye ile mikopo ya mtaani ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Hesabu yake ni nyepesi, na ndiyo maana inanasa watu. Unapewa shilingi 100,000, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Elfu tano kwa siku haitishi. Lakini jumla yake ni 130,000. Mtu akikopa upya kila mwezi, baada ya mwaka mmoja atakuwa ametoa 360,000 kwa ajili tu ya kuitumia laki moja, na laki yenyewe haijawahi kuwa yake. Hesabu hii mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Sisi tuliiweza pia. Tuliikataa tu kuifanya.

Kisha kuna habari ya jogoo. Jumapili moja ya mavuno, katika mnada baada ya ibada, mmoja wetu alinunua jogoo kwa shilingi 40,000. Watu walipiga makofi na vigelegele, na mnadishaji akatuombea baraka kwa sauti kubwa. Fedha ile ilikuwa mkopo wa simu, ulioombwa palepale chini ya mwembe wa kanisa, wakati mnadishaji akisema mara ya pili. Jioni tulimla jogoo yule. Mwenzake hakuuliza fedha imetoka wapi, kwa sababu alijua, na kwa sababu naye alikuwa na lake ambalo hakutaka kuulizwa.

Mtu akiuliza kama tulijaribu kubadilika, jibu ni kwamba tulijaribu sana.

Hofu tuliionja kwanza. Siku mkopeshaji alipokuja hadi mlangoni na kuanza kutazama runinga yetu kana kwamba anaipima, tulitetemeka. Kwa wiki tatu hatukununua chochote kisicho cha lazima. Lakini tulimlipa mkopeshaji huyo kwa kukopa kwa mwingine, na hofu ilipopungua, tukarudi tulikokuwa. Tumejifunza kwamba hofu ina nguvu ya kumfanya mtu akimbie, ila haimwonyeshi pa kukimbilia.

Aibu nayo tulikuwa nayo tele. Tulidhani tukijidharau vya kutosha tutabadilika. Kumbe aibu inamfundisha mtu kuficha, na tabia mbaya ya fedha haipendi kitu kama kufichwa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kadiri tulivyoona haya, ndivyo tulivyovaa vizuri zaidi siku ya Jumapili.

Tulijaribu pia matumaini makubwa. Tulihudhuria semina za ujasiriamali, tukachora ramani ya nyumba, tukaibandika chumbani. Ramani ile ikageuka sababu ya kukopa zaidi, maana tulijiambia kwamba wenye ndoto hawaogopi madeni. Na kila mkesha wa mwaka mpya tulipita mbele kuombewa, tukaweka nadhiri kwa machozi ya kweli kabisa. Nadhiri zetu hazikuwahi kufika mwisho wa Januari.

Hali hii si ngeni katika historia ya imani. Mtume Paulo, katika sura ya saba ya Waraka kwa Warumi, anaeleza namna anavyolitamani jema na bado akajikuta analitenda lile analolichukia. Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, katika kitabu chake cha maungamo anakiri kwamba katika ujana wake aliomba kubadilishwa huku moyoni akitumaini maombi yake yangecheleweshwa. Hawa hawakuwa watu wajinga. Hawakukosa mafundisho. Wanatuambia kwamba ndani ya mtu mmoja kunaweza kuwa na matakwa mawili, na kwamba lile baya halihitaji kushinda hoja; linahitaji tu kupewa muda. "Mwezi ujao" ndilo neno lake lipendwalo.

Kwa hiyo tulikosea tuliposubiri hamu ya kubadilika ije kwanza, ili baadaye tuseme ukweli. Kwetu mambo yalikwenda kinyume chake, na aliyetufundisha ni mtoto wetu.

Alikuwa darasa la tano. Jioni moja tuliitwa shuleni. Mwalimu alitueleza kwamba kwa mara ya tatu mtoto amesema amepoteza njiani fedha ya mtihani, shilingi 2,000, na kwamba ameadhibiwa kwa uzembe. Tulitazamana. Hatukuwa tumempa fedha hiyo hata mara moja. Tulikuwa tumemwambia "kesho", na kesho tena. Tulipofika nyumbani tulimuuliza kwa nini alimdanganya mwalimu. Alitazama chini, akasema, "Baba, mama, nilijua hamtaki watu wajue."

Hakuna mkopeshaji aliyewahi kutuumiza kama maneno yale. Hatukuwa tumemfundisha kwa mdomo. Alitutazama, akajifunza. Akakubali kupigwa ili sifa yetu isichafuke. Usiku ule tuliona kwamba hatukuwa tunamrithisha madeni peke yake. Tulikuwa tunamrithisha ile tabia ya kuficha inayozaa madeni. Hapo tulipata sababu ya kubadilika ambayo ilikuwa nje yetu na kubwa kuliko sisi.

Tungependa kuandika kwamba tangu usiku huo mambo yalikwisha. Haikuwa hivyo. Tulilia, tukasali, tukaahidiana, na siku ya nne mmoja wetu alikopa tena kwa simu. Upendo ulitupa sababu, lakini sababu bila njia huchoka haraka. Tulikuwa bado wawili tu, kila mmoja na siri zake, tukijaribu kutoka shimoni huku kila mmoja akimficha mwenzake kina cha upande wake.

Wiki iliyofuata sala ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwetu. Wengine walipoondoka, mzee wa kanisa alibaki anywe chai. Hatujui nani alianza. Tunachokumbuka ni kwamba tulimweleza habari ya mtoto, kisha habari ya jogoo, na baada ya hapo hapakuwa na sababu ya kunyamaza. Tulitegemea mahubiri. Yeye aliuliza kama kuna daftari na kalamu. "Wanangu," alisema, "tuandike kwanza. Kusali tutasali, lakini tujue tunasalia nini."

Tukaandika. Wadai walikuwa saba. Kati yao, wawili mmoja wetu hakuwajua kabisa, na mmoja mwingine hakujulikana kwa yule mwenzake. Jumla ilikuwa 1,870,000. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kuisikia tarakimu hiyo ikitamkwa kwa sauti. Mmoja wetu alicheka, mwingine akalia, na baadaye tukabadilishana. Mzee akatuambia kwamba yeye naye, miaka mingi iliyopita, aliuza kihamba cha migomba cha baba yake kwa ajili ya deni ambalo mke wake hakulijua mpaka siku ya kukabidhi. Kisha akasali, akamaliza chai, akaenda.

Tangu siku ile tunasoma habari ya Zakayo kwa jicho jingine. Zamani tuliiona kuwa habari ya tajiri aliyeamriwa kurudisha alichonyang'anya. Someni tena Luka sura ya 19, mtazame mpangilio wake. Bwana hakumwambia Zakayo alete hesabu kwanza ndipo aingie kwake. Alimwita kwa jina, akaingia nyumbani mwake, watu wakanung'unika, na ni baada ya hapo Zakayo alisimama na kuanza kutaja hesabu: nusu kwa maskini, na mara nne kwa aliowadhulumu. Hakuna aliyemtajia kiwango. Mtu aliyekuwa akihesabu maisha yake yote kwa ajili ya kupata, sasa anahesabu kwa ajili ya kurudisha, na anafanya hivyo kwa furaha. Neema ilitangulia, daftari likafuata. Lakini daftari lilifuata kweli, neema haikulifuta.

Tunaliona jambo hilo hata kwa mwana mpotevu. Njaa ndiyo iliyomwamsha, na hatuidharau njaa, kama tusivyoidharau hofu. Lakini njaa peke yake ingemweka palepale penye nguruwe. Kilichomfanya asimame ni kukumbuka kwamba iko nyumba, na katika nyumba ile yuko baba. Mtu habadiliki kwa kujua tu alivyo vibaya. Anahitaji kuamini kwamba kuna mahali anapoweza kufika akiwa hivyohivyo alivyo, akapokelewa. Sisi mahali hapo palikuwa meza yetu wenyewe, yenye vikombe vitatu vya chai.

Hivyo, jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili: nguvu ya kubadili tabia ya fedha haichimbwi ndani ya mtu aliyejifungia peke yake. Hutokea pale anapojulikana kwa ukweli na asikataliwe.

Kanuni hii ina historia hata nje ya Maandiko. Katika karne ya 19 huko Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijijini na Mkristo aliyeichukua imani yake kwa uzito, aliona wakulima wakiangamizwa na wakopeshaji. Wakati wa njaa ya mwaka 1846 na 1847 alianzisha chama cha kuwapatia watu mkate, na baadaye vyama vilivyotegemea hisani ya wenye mali. Polepole aliona kwamba hisani hiyo haidumu. Mwaka 1864, huko Heddesdorf, kikaanza chama cha mikopo cha wanachama wenyewe, wanaowekeana dhamana, na vyama vya namna hiyo vikawa vya eneo dogo ambamo watu wanajuana. SACCOS zetu za leo, zikiwemo zile za sharika, zina ukoo na mwanzo huo. Fedha ilikuwa ileile ya watu wachache wenye kipato kidogo. Kilichokuwa kipya ni kwamba mkopaji sasa alikuwa na uso, na mkopeshaji alikuwa jirani yake.

Kwetu mabadiliko yalichukua sura ndogo sana. Kila Jumamosi jioni tunafungua daftari, tunaandika kilichoingia na kilichotoka, hata shilingi 500 ya karanga. Tuliondoa mkopo wa simu kwenye njia zetu kwa kukubaliana kwamba hakuna anayekopa bila mwenzake kuwa ameketi karibu. Wadai tuliwaendea mmoja mmoja, tukawaeleza tutaweza kulipa kiasi gani. Watano walikubali, mmoja alitutukana, mmoja alikubali baada ya kututukana. Mwenye duka alitusamehe nusu, akasema kwamba alishatufuta moyoni zamani.

Tulianguka mwezi wa nne. Ilikuja kadi ya mchango wa harusi ya mtu ambaye hatukuweza, au hatukuthubutu, kumnyima. Tulikopa. Tofauti ni kwamba Jumamosi ile tuliliandika, na mzee alipouliza tulimwonyesha. Kuanguka kulikoandikwa si sawa na kuanguka kulikofichwa. Cha kwanza kinaweza kulipwa.

Na sasa tuna neno kwa usharika wetu tunaoupenda. Tumejiuliza kama sisi sote, bila kukusudia, hatujajenga mahali ambapo ni rahisi kupigiwa makofi kwa jogoo wa elfu arobaini kuliko kusema "sina". Tunasoma habari ya mjane na senti zake mbili tunapotaka sadaka iongezeke. Lakini Bwana aliyekuwa ameketi karibu na sanduku la hazina hakutazama tu kilichoingia. Alijua kilichobaki nyumbani kwa mjane. Je, sisi tunajua kilichobaki nyumbani kwa anayetoa? Uwakili tunaoufundisha unaanza kabla ya bahasha kufika kanisani. Sadaka iliyokopwa inamfurahisha mnadishaji, lakini tunaamini inamhuzunisha Mungu, si kwa kuwa ni ndogo au kubwa, bali kwa sababu aliyeitoa anakwenda nyumbani akiwa mpweke zaidi kuliko alivyokuja.

Mwaka ule tulipunguza ahadi yetu. Tulimwendea mhasibu wa usharika, tukamtajia kiasi kipya, kidogo hata kwa macho yetu. Tulikuwa tumejiandaa kujitetea. Aliandika, akasema asante. Kiasi hicho tumekilipa chote. Ni ahadi ya kwanza katika maisha yetu ya ndoa ambayo tuliimaliza bila kumkopa mtu.

Tunapoandika, umepita mwaka mmoja na miezi minne tangu jioni ya chai. Wadai watano wamekwisha. Wawili wamebaki, na jumla yao ni 410,000. Ramani ya nyumba bado iko ukutani, na hatuna haraka nayo. Mtoto wetu sasa ndiye anayejumlisha Jumamosi, kwa sababu anatushinda sote kwa hesabu. Siku moja alitukuta tumeruka mstari wa soda mbili, akauliza, "Na hizi je?" Tukaziandika.

Ndugu msomaji, kama una tarakimu ambayo haijawahi kutamkwa nyumbani mwako, hatukuombi leo uilipe. Huenda huna hata mia. Tunakuomba umtafute mtu mmoja anayemcha Mungu na anayeweza kutunza neno, umkaribishe chai, ulete daftari. Na kama wewe ndiwe utakayekaribishwa, nenda. Usiende na mahubiri. Nenda ukumbuke siku yako mwenyewe, ukae mpaka mistari yote iandikwe, kisha msali pamoja mkijua mnasalia nini.